Kumi na Mbili kwa Mia

Siku Mchoraji alipoomba kompyuta ya pili, shemeji yake hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Tutaona," na kwa bahati mbaya hakuwa mtu wa kusema tutaona halafu akasahau. Alitafuta kweli njia ya kuona.

Biashara ilikuwa ya nyumbani. Katika chumba cha mbele, kilichokuwa sebule, alikaa Dada na meza yake akipokea wateja. Katika chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo, Mchoraji, mdogo wake wa tumbo moja, alichora nyumba ambazo hazijajengwa. Mtu analeta ramani ya karatasi, Mchoraji anaisimamisha ndani ya kompyuta: kuta, paa, madirisha, mpaka kivuli cha mti uani. Kuchora kwenyewe hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kile walichokiita kupika. Mchoro ukiisha, mashine inaamriwa itengeneze filamu, mteja ajione anatembea ndani ya nyumba yake, na hapo mashine hukaa saa nyingi ikipiga hesabu za mwanga, ukuta kwa ukuta, kioo kwa kioo. Ikiwa inapika huwezi kuishughulisha na kitu kingine. Unakaa unaingoja, kama unavyongoja maharage.

Ndiyo maana akaomba ya pili. Moja ipike, nyingine achoree.

Mume wa Dada alikuwa msimamizi wa ghala la vipuri. Alikuwa mtu mwema, tusimvunjie heshima. Hakuwa mlevi, hakuwa mkali kwa watoto, na mshahara wake ulifika nyumbani mzima. Ila alikuwa na ugonjwa wa namba. Simu yake ilimhesabia hatua, ilimhesabia glasi za maji, ilimhesabia hata usingizi. Akiamka asubuhi, ukimuuliza amelalaje, anachukua kwanza simu aone. Mchoraji alimbandika jina la Bwana Asilimia, na mwenyewe akalipenda, akidhani amesifiwa.

Kazini walimwelekeza programu ya kuchungulia mashine. Unaiweka kwenye kompyuta, halafu popote ulipo unaona kwenye simu prosesa, yaani ubongo wa mashine, inafanya kazi kwa kiasi gani. Aliilipia ya mwaka mzima, akaja kuiweka Jumapili baada ya chakula. Alikwama mara mbili, na mara zote mbili ni Mchoraji aliyeinama akamtoa.

"Weka tu, shemeji," alimwambia akicheka. "Utaona mwenyewe inavyokabwa koo."

Shemeji aliona. Aliona kumi na mbili kwa mia.

&nbsp;

Mwanzoni ilikuwa mzaha wa mezani.

"Leo mmefikisha kumi na moja," mume wa Dada alisema siku ya kwanza, akivuta kiti. "Nyota njema. Kesho labda mtagusa kumi na mbili."

"Shemeji, hiyo kitu yako haisomi vizuri," Mchoraji alimjibu, mdomo umejaa. "Leo mashine imepika tangu asubuhi. Nimeshinda naitazama kama mgonjwa."

"Umeitazama, ndiyo. Hapo ndipo penye tatizo."

Wote walicheka, na Dada akacheka kuliko wote, maana alipenda kuwaona wanaume wake wawili wakitaniana. Lakini mzaha wa aina ile una tabia mbaya, ukiachwa unaota mizizi. Siku zilizofuata mume wa Dada aliacha kucheka kwanza, halafu Mchoraji, na Dada akabaki anacheka peke yake ili meza isinyamaze.

Kisha zikaanza simu za mchana. Dada yuko na mteja, anampa bei, simu inaita.

"Mama watoto, huyo kijana anafanya nini?"

"Yuko kazini, baba watoto."

"Yeye yuko kazini, mashine haiko. Hebu kachungulie."

Dada alimwomba radhi mteja, akainuka na kufungua mlango wa nyuma polepole. Aliona aibu kumnyatia mtu aliyemwogesha mwenyewe akiwa mdogo. Mchoraji alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, anaitazama mashine. Kwenye kioo picha ya ngazi ilikuwa inajitokeza kidogo kidogo kutoka gizani. Feni ilikuwa inavuma kiasi kwamba hakusikia mlango.

"Unafanya nini?"

Alishtuka. "Inapika, Dada. Kwani vipi?"

"Hakuna. Nilitaka kujua kama utakunywa chai."

Chai haikuwepo. Ikabidi akaiandae, na mteja akachoka kungoja akaondoka. Jioni mumewe aliuliza alimkuta anafanya nini, na Dada akasema kweli: amekaa, mikono magotini. Hakuongeza neno. Angeweza kuongeza habari ya ile feni, ambayo kutwa nzima ilimlazimu apaze sauti akizungumza na wateja upande wa pili wa ukuta. Lakini mumewe alishamwonyesha simu, na kwenye simu kulikuwa na mstari wa buluu uliolala chini kabisa, umenyooka, kutoka asubuhi mpaka jioni. Mstari ule ulimwingia akilini. Alianza kujiuliza kwa nini mtu anayesema amechoka huwa macho yake hayajavimba.

"Simsemi vibaya," mumewe alisema. "Ni mdogo wako, ni mdogo wangu. Lakini fikiria mwenyewe. Mashine ina nguvu mia. Anatumia kumi na mbili. Na anataka tukope tununue nyingine. Ya nini? Wewe unadhani ya nini?"

"Sijui."

"Ya kufanyia kazi zake mwenyewe. Au basi, ya kulalia vizuri zaidi."

Dada alinyamaza. Kunyamaza kwake kulihesabiwa kuwa kukubali, naye alijua hivyo alipokuwa ananyamaza.

&nbsp;

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa ya mama mmoja mwenye mradi wa nyumba za kuuza, ambaye kila mtu alimwita Mama Mradi. Alitaka filamu ya mtaa mzima, barabara, bustani, na mteja aweze kuingia nyumba yoyote. Alikuwa ametangulia kulipa nusu, na ile nusu ilikuwa imekwishageuka ada ya shule na bati jipya la jikoni. Filamu ikachelewa. Mchoraji alisema wazi mapema kwamba itachelewa, kwa kuwa mashine ni moja na saa za siku ni zile zile, lakini maneno ya mtu ambaye mstari wake umelala chini nani anayasikia?

Mama Mradi alikuja Jumamosi asubuhi, mkoba kwapani. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Nimekuja kuchukua filamu yangu au pesa yangu. Chochote kitakachotangulia."

"Mama, karibu kwanza," Dada alisema.

"Nimeshakaribia mara tatu."

Kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, mume wa Dada alikuwepo. Angeweza kusema samahani. Angeweza kuomba muda, na Mama Mradi, pamoja na ukali wake, alikuwa mtu wa kuombwa akasikia. Lakini mume wa Dada hakupenda aonekane mzembe mbele ya mteja, basi akatoa simu mfukoni ili aonyeshe mzembe ni nani.

"Mama, mimi sifichi kitu. Tazama. Hii ndiyo mashine inayofanya kazi yako. Huu mstari ungetakiwa uwe juu huku. Uko wapi?"

Mama Mradi alivaa miwani. "Uko chini."

"Kumi na mbili kwa mia. Kila siku ya Mungu."

"Kwa hiyo kijana wenu analala na mradi wangu?"

Mchoraji alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Uso ulimwiva, lakini akasema kwa adabu, "Shikamoo, mama. Shemeji, naomba mje wote huku ndani. Mguse mashine kwa mikono yenu."

Waliingia, wakajibana kwenye ile stoo. Mashine ilikuwa inavuma. Mchoraji alifungua kipimo cha mashine yenyewe, kile kinachokuja nayo tangu dukani, na namba ikaonekana pale kwenye kioo, kubwa, haina pa kujificha: mia.

"Haya," alisema. "Mia. Ikifika mia haina pengine pa kwenda. Ndicho ninachowaambia kila siku."

Dada aliiona ile mia. Akageuka akaiona kumi na mbili mkononi mwa mumewe. Kwa muda mfupi moyo wake ulikwenda upande wa mdogo wake, na laiti angefungua mdomo wakati ule, hadithi hii isingekuwepo.

"Hiyo iko mikononi mwako," mumewe alisema. "Utaifanya iseme unachotaka. Hii yangu haina mjomba wala shangazi humu ndani. Na hiyo yako ni ya bure, hii nimeilipia."

Mama Mradi alicheka kidogo kupitia puani.

"Basi iguseni," Mchoraji alisema. "Inaunguza."

"Chumba hakina dirisha! Hata sufuria tupu ukiiweka humu itapata joto. Na feni hiyo ina vumbi la mwaka juzi, lazima ilie." Alimgeukia mkewe. "Mama watoto, wewe ndiye unayekaa naye kutwa. Sema."

Wote watatu walimtazama. Dada alihisi jasho likimtoka chini ya kitambaa cha kichwa. Alimwonea mumewe huruma kwa kujiweka pale mbele ya mgeni, akamwonea mdogo wake uchungu, na akaona njia moja tu ya kuwapatanisha, ambayo aliiona ni ya upole. Akamshika Mchoraji bega.

"Sema ukweli tu, mdogo wangu. Ukisema ukweli hakuna atakayekufukuza."

Mchoraji aliutazama ule mkono begani kama kitu ambacho hakumbuki kimefikaje pale. Usoni mwake hasira ilikuwa imetoweka, na Dada angeitaka irudi kuliko alichokiona badala yake.

"Sawa, Dada," alisema.

Akampita, akaenda kukusanya nguo. Hazikuwa nyingi. Mama Mradi aliondoka akisema atarudi na mwanasheria au na gari la kubebea kompyuta. Mume wa Dada alimsindikiza mpaka getini akimwomba radhi, na aliporudi akakuta ufunguo wa chumba cha nyuma uko mezani na shemeji yake ameshatoka kwa mlango wa jikoni.

"Umeona?" alisema. "Mtu asiye na hatia hakimbii."

Dada alikuwa ameketi kwenye kiti ambacho Mama Mradi alikataa kukikalia. Akasema ndiyo.

&nbsp;

Kwa kuwa Mchoraji alikuwa ameacha michoro ya Mama Mradi karibu yote imekamilika, kilichobaki ni kupika. Kupika Dada alikujua. Mdogo wake alimfundisha, vitufe viwili na subira. Mumewe alimpa maagizo akiwa anafunga kamba za viatu.

"Usiweke nyumba moja moja. Weka nne kwa pamoja. Kuna nguvu themanini na nane zimelala humo, haziko kazini. Mpaka jioni utakuwa umemaliza, na tutajua nani alikuwa mkweli."

Dada aliweka nne. Mashine ilikaa kidogo kama inayofikiri, kisha ikaanza kulia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia. Mshale wa kipanya uligoma. Kwenye kioo picha zote nne zilikuwa gizani, na hazikutoka gizani asubuhi ile wala mchana ule. Aliusogeza mkono karibu na mgongo wa mashine akauondoa haraka.

Simu ikaita.

"Mbona bado kumi na mbili?" mumewe aliuliza kutoka ghalani. "Umeweka nne kweli?"

"Nimeweka. Baba watoto, hii kitu inalia vibaya. Na inaunguza."

"Vumbi hilo. Hapa naiona, imepumzika kabisa. Umeibonyeza vizuri?"

Hapo ndipo Dada alipotambua jinsi mdogo wake alivyoishi. Alikuwa amesimama mbele ya mashine, anaiona kwa macho, anaisikia kwa masikio, mkono wake una joto lake, na mtu aliye mbali anamwambia haifanyi kitu. Alitaka kubishana. Maneno aliyoyapata yote yalikuwa ya Mchoraji, neno kwa neno, na alijua jibu la kila moja.

"Nimebonyeza vizuri," alisema taratibu.

"Basi ongeza ya tano."

Aliongeza. Namna gani mtu anaongeza wakati anajua, ni jambo ambalo Dada alijiuliza baadaye bila kupata jibu zuri. Labda alitaka kuona mwisho wake. Mashine ilivuma mara moja kwa nguvu, ikanyamaza. Kioo kikawa cheusi. Chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua, na kimya chake kilikuwa kikubwa, maana ndiyo mara ya kwanza Dada kuzisikia sauti za barabarani kutoka kwenye chumba kile.

Fundi aliyekuja kuifungua alisema imekufa kwa kazi. "Mmeitesa," alisema, akifuta mikono. "Hii ilikuwa inakimbia na pumzi ya mwisho muda mrefu. Hamkuwa na ya pili ya kusaidiana nayo?"



&nbsp;

Mama Mradi alichukua kazi yake akapeleka kwingine, na madai yake wakayakubali yalipwe kidogo kidogo. Mume wa Dada, ambaye hakuwahi kushindwa na namba, alikasirika sana. Aliwaandikia wenye programu ujumbe mrefu. Aliwauliza inawezekanaje mashine iungue wakati inafanya kazi kwa kumi na mbili tu kwa mia, na kama watamlipa. Alimsomea mkewe ujumbe wote kabla ya kuutuma, akasisitiza kwa sauti pale alipoona ameandika vizuri.

Majibu yalikuja wakiwa mezani, watoto wamemaliza kula wametoka. Alianza kuyasoma kwa sauti pia.

"Mpendwa mteja. Tunasikitika kwa usumbufu. Toleo unalotumia lilikuwa na kosa la hesabu. Kwenye prosesa zenye sehemu nane, programu ilikuwa inagawanya kwa nane mara mbili, hivyo..." Akapunguza sauti. "Hivyo mashine iliyofika mia ilionekana iko kwenye kumi na mbili."

Dada aliweka kijiko chini.

"Endelea."

"Tumekwisha kulirekebisha. Tafadhali pakua toleo jipya. Kama ishara ya kuomba radhi, tumekuongezea mwezi mmoja bure."

"Mwezi mmoja," Dada alisema.

Mumewe hakuinua macho. Alibonyeza, akangoja, na toleo jipya likaingia. Halikurekebisha ya leo tu, kwa sababu leo hakukuwa na mashine ya kupima. Lilirudi nyuma likarekebisha siku zote zilizopita. Mstari wa buluu, ule uliokuwa umelala chini wiki baada ya wiki, uliinuka mbele ya macho yao ukagota juu kabisa, ukakaa huko. Siku ile walipofikisha kumi na moja, mia kasoro kidogo. Siku Dada alipokwenda kunyatia mlangoni, mia. Jumamosi ya Mama Mradi, mia. Siku mashine ilipoungua, mia. Hakukuwa na siku hata moja ambayo mtoto wa watu alikuwa amelala.

Mume wa Dada aliigeuza simu kifudifudi. Akaweka mikono juu ya magoti.

"Haijawahi kuvuka kumi na mbili," alisema mwishowe. "Hata siku moja haikuvuka. Mimi mtu wa namba. Ningejiuliza tu kwa nini haivuki."

Ilikuwa mara ya kwanza Dada kumwona mumewe anajuta kitu, na alimhurumia, lakini huruma yake ilikuwa na foleni ndefu na mumewe hakuwa wa kwanza.

"Kesho uende," mumewe alimwambia. "Wewe ndiye dada yake. Mimi nitamwambia nini? Chukua simu yangu, umwonyeshe. Akiona hivi ataelewa."

&nbsp;

Haikuwa vigumu kumpata. Walijua siku zote alipo, na hilo nalo lilikuwa sehemu ya aibu. Alikuwa kwenye karakana ya seremala, mtaa wa tatu kutoka kwao, anachora makabati kwa penseli juu ya mbao zenyewe ili wenzake wakate. Alikuwa na unga wa mbao kwenye nyusi. Alipomwona Dada aliinuka, akamtafutia kigoda, akakipangusa kwa kiganja, akamwagizia soda kabla hajasema kitu. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, adabu ile.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Wanakuulizia."

"Na shemeji?"

"Yupo. Anakusalimu sana." Dada alikwishapanga maneno njiani, na yote yalimpotea. Akatoa simu. "Mdogo wangu, tazama. Ile programu ilikuwa na kosa. Wenyewe wamekiri. Walikuwa wanagawanya mara mbili. Tazama siku zako hizi, zote. Zote mia."

Mchoraji alijifuta mkono kwenye suruali, akaipokea simu. Aliutazama ule mstari kwa utulivu, akausogeza kwa kidole, siku moja, siku nyingine. Alifika Jumamosi ile akasimama hapo kidogo. Kisha akairudisha kwa mikono miwili, kama anayerudisha chombo cha jirani.

"Ni kweli," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa."

"Tumekukosea. Mimi nimekukosea. Nilisimama pale nikakwambia useme ukweli, na ulikuwa unausema." Machozi yalikuwa yameshaanza na hakuyazuia. "Rudi nyumbani. Tutatafuta mashine nyingine, hata mbili. Shemeji yako mwenyewe amesema. Sasa tunakuamini."

"Sasa," Mchoraji alisema.

"Ndiyo. Sasa tunajua."

Msumeno ulianza kukata upande wa pili wa karakana, wakangoja uishe.

"Dada, naomba nikuulize, usikasirike. Wale watu wasingeandika barua yao, leo ungekuja?"

Dada alifungua mdomo. Ndiyo ilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini alikuwa ametoka kumwomba radhi kwa sababu ya neno moja la ovyo, hakuweza kumwongezea la pili, na kabla hajapata la kusema kimya chake kilikuwa kimekwishajibu.

"Wiki ya kwanza," Mchoraji alisema, "nilikuwa nakula chakula changu cha mchana pale nje, kwenye gogo lile, kwa sababu mtu akitoka kwenu anaonekana tangu kona. Nikikuona tu umekuja, hata bila kusema kitu, ningebeba mfuko wangu nikufuate. Sikutaka uniambie programu imekosea. Mimi nilishajua imekosea."

"Mdogo wangu."

"Sina kinyongo, Dada. Nisalimie watoto. Jumapili mojawapo nitakuja kuwaona." Akaichukua penseli yake, akapima ubao kwa jicho, na kabla ya kuinama akaongeza kwa upole uleule, "Kunywa soda yako, isipoe."

Soda haipoi; lile lilikuwa neno la mtu anayetaka mgeni wake aondoke bila kuonekana amemfukuza. Dada aliinywa yote akiwa amesimama, akatoka.

Mumewe alikuwa anamngoja getini. Alikuwa amefagia chumba cha nyuma, amefungua hata kile kidirisha kidogo kilichokuwa kimezibwa kwa mbao.

"Umemwonyesha?"

"Nimemwonyesha."

"Siku zote? Mpaka ile Jumamosi?"

"Zote."

"Sasa mbona umekuja peke yako?"

Dada alimpa simu yake.

"Alitaka niende bila hii."

Mumewe aliitazama simu, akamtazama yeye, na usoni mwake hakukuwa na hila yoyote, ni mtu mwema aliyekuwa anajitahidi kwa nguvu zake zote kuelewa.

"Bila simu?" aliuliza. "Sasa angejuaje kwamba tunamwamini?"